Maradhi ya Wazimu na Dawa Zake: Tuliyoyaona Nyeri

Katika darsa yetu ya baada ya Isha, ndugu mmoja alituuliza suali ambalo wengi huliuliza kwa kificho. Alisema: mtu aliyerukwa na akili, akipewa vidonge vya hospitali kisha akatulia, je, huko kutulia ni kupoa au ni kulewa tu? Na ikiwa atavimeza vidonge hivyo miaka na miaka, je, huko si kupunguza kumtegemea Mwenyezi Mungu? Tulimjibu kwa maneno machache, na majibu yale hayakuturidhisha sisi wenyewe, seuze yeye. Tukaahidi kuliandikia somo zima, na ahadi ni deni.

Kabla ya kuandika tulifunga safari mpaka Nyeri. Msomaji huenda akastaajabu: kwa nini tuache hospitali zilizo karibu nasi hapa pwani, tukapande bara kwenye baridi ya Mlima Kenya kutafuta ilimu ya jambo lililomo majumbani mwetu? Sababu tutaieleza, ijapokuwa si ya kutupa fakhari.

Miaka saba nyuma alitujia mama mmoja kutoka Nyeri. Huko, kama ilivyo Nanyuki na Meru, pana mtaa wa Waislamu uitwao Majengo, na katika watu wake wako ambao mababu zao walipanda kutoka pwani zamani kwa biashara na kazi za serikali, wakaoa, wakazaa, wakabaki. Mama huyu ni katika hao. Alikuja na mwanawe wa kiume, umri wake miaka ishirini, aliyekuwa akisomea ufundi wa umeme. Kijana alianza kwa kunyamaza. Kisha akawa hafungui dirisha la chumba chake hata mchana. Kisha akakataa chakula alichopika dadake, akisema kimetiwa kitu. Akasema kwamba wasomaji khabari wa redio wamtaja yeye kwa mafumbo, na kwamba asikia watu wawili wakimjadili, mmoja amtukana na wa pili amcheka, na hali chumbani hamna mtu. Usiku alitoka akatembea katika baridi mpaka mtoni, wakamkuta alfajiri amekaa juu ya jiwe, miguu mitupu.

Mama akatwambia, "Shekhe, mwanangu amechukuliwa."

Nasi tulikubali neno lake bila ya kuuliza la pili. Tulimsomea kijana siku tatu, na kumsomea si makosa. Makosa ni yale yaliyofuata. Alipokuwa hakupoa, tulimpeleka mama kwa fundi mmoja wa shamba aliyesifika sana wakati ule kwa kutoa mashetani. Fundi alitaka fedha, akataka mbuzi, akatia mafusho, akamnyima kijana chakula, akamfunga kamba mikononi hata zikamtoka alama ambazo hazijafutika mpaka leo. Mama aliuza cherehani yake. Hapana mtu katika sisi aliyemwambia neno hili jepesi: mpeleke mwanao hospitali. Tangu siku aliyonyamaza hata siku aliyotiwa dawa ya kwanza mdomoni ilipita miezi kumi na moja, na katika miezi hiyo mingi ilipotea kwa sababu yetu.

Na sasa tueleze maradhi yenyewe, maana ndiyo asili ya somo.

Maradhi haya matabibu huyaita skizofrenia. Jina hili lilitungwa mwaka 1908 na tabibu wa Uswisi, Eugen Bleuler, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya akili iliyopasuka. Limeleta makosa mengi, kwani watu wafikiri mgonjwa ana nafsi mbili ndani ya mwili mmoja, leo huyu na kesho yule. Sivyo. Kilichopasuka ni ule mshikamano wa fikra, hisia na matendo. Mgonjwa asikia sauti zisizokuwako, aamini mambo yasiyokuwako na hapana hoja itakayomtoa katika imani hiyo, na maneno yake huenda yakakatika kama uzi uliooza. Hizi ni dalili za kelele, na kila jirani huziona. Lakini ziko dalili za kimya, nazo ndizo ngumu zaidi: huacha kuoga, huacha marafiki, uso wake hauoneshi furaha wala huzuni, na hamu ya kufanya jambo lolote humtoka. Wazee humwita mvivu. Si uvivu, ni maradhi yale yale.

Mara nyingi maradhi huanza baina ya mwisho wa ujana wa shule na umri wa miaka thalathini, na kwa wanaume hutangulia kidogo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika ulimwengu mzima wako wagonjwa kiasi cha milioni 24, yaani kiasi cha mtu mmoja katika kila watu 300. Basi msikiti wenye watu mia sita siku ya Ijumaa, haiwi ajabu wakiwamo wawili, au ikiwa hawamo, basi wamefungiwa nyumbani. Katika nasaba pia yamo: ambaye mzazi wake mmoja ameugua, khatari yake ni kiasi cha mmoja katika kumi. Lakini pacha wa mgonjwa, waliotoka katika yai moja, mara nyingi hubaki mzima, na hilo latwonesha kwamba nasaba si hukumu iliyokwisha katwa. Malezi mabaya ya mama hayana sehemu katika jambo hili. Twalisema hili kwa kusudi, kwani mama yule wa Nyeri aliambiwa na watu wa nyumba yake mwenyewe kwamba amemharibu mwanawe kwa kumdekeza.

Wagonjwa hawa walifanywaje kabla ya dawa? Wakenya wote walijua neno moja: Mathari. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 kwa jina la nyumba ya wenda wazimu, na mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Karibu na mji wa Nyeri pana Mathari nyingine, ambayo ni hospitali ya wamisionari wa Consolata, nayo ni ya maradhi yote kama hospitali nyingine. Mama yetu alipoambiwa na jirani kwamba mtu fulani amelazwa Mathari kwa kuvunjika mguu alishika kichwa, akidhani wazimu umeingia miguuni. Jina moja limewatisha watu wa miji miwili.

Katika nyumba kama hizo, Ulaya na Afrika sawasawa, kazi kubwa ilikuwa kufunga milango. Walijaribu kumlaza mgonjwa kwa sindano za insulini mpaka azimie, walijaribu umeme, na wengine waliwatoboa bongo wakakata mishipa yake ya mbele. Na aliyebuni upasuaji huo, Mreno Egas Moniz, alitunzwa zawadi ya Nobel mwaka 1949.

Dawa ya kwanza ya kweli ilikuja bila ya kutafutwa. Mwezi wa Disemba 1950, mkemia Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc, Ufaransa, alitengeneza kitu kinachoitwa klopromazini. Daktari Henri Laborit, mpasuaji katika jeshi la majini, alikuwa akitafuta dawa ya kumtuliza mgonjwa kabla ya kisu, akaona kwamba aliyepewa kitu hiki halali, bali akili i macho na khofu imemwondoka. Mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wakawapa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Watu waliokuwa wakipiga kelele miaka mingi walianza kujibu salamu. Dawa ikauzwa kwa jina la Largactil, na katika muda wa miaka michache ilienea ulimwenguni. Mwaka 1958 Mbelgiji Paul Janssen na wenziwe wakatoa haloperidoli, ambayo mpaka leo yapatikana katika hospitali zetu nyingi.

Mwaka ule ule wa 1952, mwezi wa Oktoba, Kenya ilitangaziwa hali ya hatari, na Nyeri ilikuwa katikati ya vita hivyo. Tabibu aliyeisimamia Mathari ya Nairobi tangu 1938 hata 1950, J. C. Carothers, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 juu ya akili ya Mwafrika, akamfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa mishipa ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikamwandikisha kitabu kingine, akaieleza Mau Mau kuwa ni jambo la nafsi na akili za Wakikuyu. Mtu aliyenyang'anywa shamba lake akikasirika, huitwa mgonjwa! Twalitaja hili kwa sababu wako mpaka leo, katika Nyeri na katika Mombasa, wanaosema kwamba matabibu wa akili ni watumishi wa wenye nguvu, na dawa zao ni kamba za kufungia watu. Khofu hiyo haikuzuka bure. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kitabu cha Carothers kimekwisha katika maktaba, wala hapana tabibu wa leo akitegemeaye. Na dawa iliyojaribiwa Paris imefanya kazi ile ile kwa Mfaransa, kwa Mkikuyu na kwa Mswahili, na hilo peke yake latosha kumjibu.

Dawa hufanyaje kazi? Katika ubongo mna kitu kiitwacho dopamini. Mfano wake ni mpiga mbiu wa mji. Kazi yake ni kuijulisha akili kwamba hapa pana jambo, angalia. Mtu mzima akisikia jirani akikohoa, mpiga mbiu hanyanyui pembe yake. Kwa mgonjwa, mbiu hulia kwa kila kitu: kikohozi, honi ya matatu, sauti ya redio, jicho la mpita njia. Kila kitu kina maana, na maana zote zamwelekea yeye. Akili, kwa kutafuta sababu ya kelele hiyo, hujitungia kisa: nimerogwa, naandamwa, napelelezwa. Dawa hizi huziba baadhi ya masikio yanayoipokea mbiu. Mswidi Arvid Carlsson ndiye aliyeanza kulifumbua jambo hili mwaka 1963, na mwaka 2000 alipewa Nobel kwa kazi yake juu ya dopamini.

Kutokana na mfano huo msomaji atafahamu mambo mawili. La kwanza, dawa haikifuti kile kisa siku moja. Mbiu hunyamaza kwanza, kisha mgonjwa polepole hukiacha kisa chake, kwa majuma na miezi. Mama yetu aliambiwa angoje majuma sita, naye baada ya siku tano alikuwa akilia kwamba mwanawe bado azungumza na ukuta. La pili, dawa hizi ni hodari kwa dalili za kelele, na ni dhaifu kwa dalili za kimya. Sauti zaweza kwisha na kijana bado akawa hataki kutoka kitandani. Hapo jamaa husema dawa imemlemaza. Huenda ikawa kipimo ni kikubwa, na daktari aulizwe. Lakini mara nyingi ni maradhi yenyewe yaliyobaki, na tiba yake ni kazi ndogo ndogo, mazungumzo, na subira ya watu wa nyumbani.

Basi jibu la ndugu yetu wa darsa ni hili: kutulia kwa dawa si kulewa. Mlevi huondokewa na akili aliyokuwa nayo, na huyu hurudishiwa sehemu ya akili iliyompotea. Ni kweli kwamba baadhi yake huleta usingizi, khasa siku za mwanzo.

Ama kuhusu kumeza miaka mingi, tutazame hesabu. Mwaka 2012 Stefan Leucht wa Munich na wenziwe walikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 6,493 ambao walikwisha tulia kwa dawa. Sehemu yao waliendelea na dawa, na sehemu wakapewa vidonge vitupu visivyokuwa na kitu. Katika muda wa karibu mwaka mmoja, walioendelea na dawa wakarudiwa na maradhi 27 katika kila 100. Waliopewa vidonge vitupu wakarudiwa 64 katika kila 100. Mwenye kutazama ataona kwamba dawa si kinga kamili, kwani 27 si wachache; na ataona pia kwamba wako ambao hawakurudiwa ijapokuwa hawakumeza kitu. Lakini hapana anayeweza kumjua mapema kwamba huyu ni katika hao. Kwa hivyo kuacha au kupunguza ni jambo la kufanywa na daktari, kwa hatua ndogo ndogo, wala si la kufanywa na shemeji aliyekuja kutembea sikukuu.

Tuingie sasa katika madhara, kwani ndiyo milango ambayo watu hutokea. Wengi wanaoandika kusifu dawa hupita hapa mbio. Sisi tutakaa.

Kijana wetu aliporudishwa Nyeri kutoka kwa fundi, mjomba wake alimpeleka kwanza katika zahanati moja, akapigwa sindano ya haloperidoli, akarejeshwa nyumbani bila ya neno. Siku ya pili, baada ya Magharibi, shingo yake ilipinda upande mmoja kama iliyoshikwa na mkono wa mtu, macho yakageuka juu yakabaki weupe, ulimi ukatoka. Majirani wakakimbia. Waislamu wakasema, "Shetani amekataa dawa." Wakristo wa nyumba ya pili wakaleta watu wa maombi. Na Mkikuyu mmoja mtu mzima akasema kwa lugha yao kwamba mgonjwa wa namna hii apelekwe kwa mundumugo. Watu wa dini mbili na wa mila, wote walikubaliana kwa usiku mmoja, na wote walikosea! Lile si shetani. Ni mkazo wa misuli, jambo linalojulikana kabisa katika dawa hii, khasa kwa vijana wa kiume katika siku za mwanzo, na huondoka upesi kwa sindano au kidonge cha kuizuia, kama kile ambacho hospitali zetu hukijua kwa jina la Artane. Lau mama angeambiwa sentensi moja tu siku ile ya sindano, asingeitupa karatasi ya dawa katika moto, na kijana asingepoteza miezi mingine miwili.

Yako na madhara mengine ya dawa hizi za zamani: mikono kutetemeka, mwendo kuwa mzito kama wa mzee, na kutotulia miguuni hata mgonjwa hawezi kukaa kitako akamaliza kikombe cha chai. Aliyetumia miaka mingi huenda midomo na ulimi vikawa vyatafuna tafuna bila ya khiari yake, na hilo pengine haliondoki hata dawa ikiachwa. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, jambo ambalo wavuvi wetu na wachukuzi wa bandarini lazima walijue. Na likitokea joto kali la mwili pamoja na viungo kukakamaa na akili kuchanganyikiwa, hapo pasingojwe asubuhi. Ni khatari ya kufa, apelekwe hospitali saa ile ile.

Dawa mpya, kama risperidoni na olanzapini, hupunguza mitetemo, ijapokuwa risperidoni ikizidishwa nayo hukakamaza. Khasa olanzapini huleta unene na sukari, nasi watu wa pwani kwa maradhi ya sukari hatuna haja ya kuongezewa. Yafaa mgonjwa apimwe uzani na sukari kila mara. Ama klozapini ni kisa peke yake. Yashinda nyingine zote kwa wale walioshindikana, lakini huweza kuua chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Finland watu walikufa mwaka 1975, dawa ikaondolewa katika nchi nyingi. Kisha majaribio yaliyotolewa Marekani mwaka 1988 yakaonesha kwamba yawafaa wasiofaliwa na nyingine, ikarudi kwa sharti la kupima damu mara kwa mara. Asiyeweza kupimwa damu asipewe.

Iko na sindano ya kuwekwa katika nyama ya mwili, hasa ile ya flufenazini iliyojulikana kwa jina la Modecate, ambayo kazi yake hudumu majuma mawili mpaka manne. Hii ndiyo iliyomfaa kijana wetu, kwa sababu vidonge alivificha chini ya ulimi, akavitema nje ya dirisha. Katika Hospitali ya Rufaa ya Nyeri mna wadi na kliniki ya maradhi ya akili. Tulikwenda naye siku yake. Kwenye viti walikaa kina mama wa Othaya na Karatina na wana wao, wengine wamesafiri tangu giza la alfajiri, na mama mmoja wa Kikuyu, aliyetuona kwa kanzu na kofia, akatuuliza kwa Kiswahili ikiwa kwetu pwani pia watoto hupata ugonjwa huu. Tukamwambia hupata. Akasema, "Mimi nilifikiri ni baridi ya huku." Sisi tuliokuwa tukifikiri ni mashetani ya pwani hatukuwa na haki ya kumcheka.

Hapana budi tutaje na biashara baina ya mlima na pwani, kwa kuwa wazazi wengi wapwani waijua vizuri. Miraa hutoka Meru, na mugukaa, au muguka kama wenyewe wasemavyo, hutoka Embu upande wa Mbeere, na kila siku magari hushuka nayo mbio mpaka Mombasa. Majani haya yana kitu kinachoinyanyulia dopamini pembe yake. Mwezi wa Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, wakulima wa Embu wakalalamika, na mahakama ikayasimamisha marufuku hayo. Hatutaki kuingia katika ugomvi wa siasa, na mkulima wa Embu ana watoto wa kulisha kama sisi. Tusemalo ni hili: mtu mwenye maradhi haya, au ambaye nduguye anayo, akitafuna usiku kucha bila ya kulala, huyaita maradhi kwa mkono wake, na aliye katika dawa akatafuna, ni kama atiaye maji katika mtungi akiutoboa chini. Na bangi ni mbaya zaidi kwa vijana. Wenye kuivuta sana wana khatari kubwa kuliko wengine ya kupatwa na wazimu.

Tulikuwa tumeulizwa juu ya dini. Kujitibu kumeamrishwa na Mtume wetu (S.A.W.), naye ametujuvya kwamba hapana maradhi yaliyoteremshwa illa na dawa yake imeteremshwa, anayeijua huijua na asiyeijua haijui. Hakutoa katika amri hiyo maradhi ya kichwa. Wazee wetu Waislamu walilifahamu hili: hospitali ya Sultani Qalawun iliyojengwa Kairo mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa wenye wazimu, na ile ya Arghun iliyojengwa Halabi mwaka 1354 yasimama mpaka leo, vyumba vya wagonjwa wa akili vimezunguka uwanja wenye birika la maji. Watu hao waliamini majini kama tunavyoamini sisi, kwani Qur'ani imewataja. Lakini kuamini kwamba majini wako ni jambo moja, na kudai kwamba sauti anazozisikia mtoto wa fulani ni za jini fulani atakaye mbuzi mwekundu ni jambo jingine, na la pili hili halina dalili. Msomee mgonjwa Qur'ani, muombee dua, na umpe kidonge chake baada ya kumsomea. Anayekwambia uchague moja, muulize yeye akiumwa na jino huenda wapi.

Kijana mwenyewe alituuliza juu ya Ramadhani. Tulimwambia: sindano ya nyama ambayo si chakula, wanavyuoni wengi wa zama hizi wasema haifunguzi. Vidonge, muulize daktari kama vyaweza kumezwa baada ya kufuturu na wakati wa daku. Ikiwa haviwezi, au ikiwa kukosa usingizi wa usiku kwakurudishia maradhi, basi wewe ni mgonjwa katika wagonjwa, na ruhusa yako i wazi, wala usiitupe kwa kuona haya watu. Na miezi ile aliyokuwa hana akili, alidhani ana deni la Sala zake zote, akawa azihesabu katika daftari. Tukamwambia kalamu iliondoshwa juu yake muda ule. Akaifunga daftari.

Sasa ana miaka ishirini na saba. Atengeneza redio na simu katika kibanda kidogo karibu na stendi ya magari. Si kwamba amepona kabisa. Usiku mwingine, akichoka, asikia sauti moja kwa mbali, kama ya mtu aliye nyumba ya tatu, naye amekwisha jifunza kuiacha iseme. Ameongezeka mwili, na mkono wa kulia watetemeka kidogo akishika chuma cha kuungia risasi. Wala si peke yake; Shirika la Afya Duniani lasema kwamba angalau mmoja katika kila wagonjwa watatu hupona kabisa, na kati ya hao na walioshindikana wako wengi wa hali yake.

Siku ya kuondoka alituuliza mbele ya mamake, kwa adabu, bila ya kunyanyua sauti: "Shekhe, mulijua kwamba iko dawa?" Tulimwambia kwamba tulijua iko hospitali, na hatukuuliza yafanya nini. Mama akasema, "Mwache shekhe anywe chai." Lakini hakuyaondoa macho yake juu yetu, nasi chai ile hatukuimaliza.

Wenye wagonjwa Mombasa waende Port Reitz. Unguja iko Kidongo Chekundu. Na ndugu zetu wa Tanzania bara wana Mirembe, Dodoma. Aendaye achukue karatasi za dawa zote alizokwisha pewa mgonjwa, na miti shamba pia aitaje bila ya kuona haya, kwani baadhi yake hugombana na dawa. Na aulize kabla ya kutoka mlangoni: dawa hii itamfanya nini siku ya pili na ya tatu?

Masuali mawili yamebaki, la talaka aliyoitoa mtu akiwa katika maradhi, na la mgonjwa kukataa dawa na hali akili yake imemrudia. Tutayajibu katika toleo lijalo, inshaallah.